Gari lililoundwa upya: Jinsi ya kulikatia bima kwa thamani yake halisi

MMILIKI wa matatu anaponunua chesisi ya Isuzu na kuipeleka karakanani kuundiwa bodi, hulipa mara mbili. Kwanza humlipa muuzaji wa magari, kisha mafundi wa vyuma, viti, rangi na muziki. Gari hilo likiteketea au kuibwa, je, kampuni ya bima itazingatia gharama zote mbili au ile ya kwanza pekee?

Jibu hutegemea yaliyoandikwa katika hati ya bima kabla ya hasara, wala si risiti zitakazotafutwa baadaye.

Magari ya aina hii si haba nchini. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, zililazimisha matatu kuwa na mstari wa manjano na michoro ikafifia. Mnamo Novemba 2014, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta aliwataka polisi wakome kuwahangaisha wenye matatu zilizopambwa, nayo sanaa hiyo ikashamiri tena. Katika sekta ya utalii, Land Cruiser hurefushwa na kuwekewa paa la kufunguka ili wageni watazame wanyama.

Bima inayolazimishwa na Sura ya 405 ya Sheria za Kenya ni ile ya kuwalinda watu wengine dhidi ya madhara yanayosababishwa na gari. Haimlipi mmiliki hata senti kwa gari lake. Anayetaka kulindwa dhidi ya ajali, moto na wizi sharti achukue bima kamili.

Hata hivyo, bima kamili haina maana ya kurudishiwa kila shilingi iliyotumika. Lengo la fidia ni kumrejesha mwenye hasara alipokuwa, bila kumpa faida. Kwa kawaida, kampuni hulipa thamani ya gari sokoni siku ya hasara, na malipo hayazidi kiasi kilichokatiwa bima. Mchoro uliogharimu Sh300,000 huenda usiongeze bei ya gari kwa kiwango hicho, kwa sababu mnunuzi mwingine huenda asiupende.

Tuchukue mfano wa matatu yenye thamani ya Sh4 milioni iliyokatiwa bima ya Sh3 milioni. Ikiteketea yote, mmiliki hupoteza Sh1 milioni. Iwapo hati ina kifungu cha kugawana hasara kwa uwiano, uharibifu wa Sh400,000 utalipiwa Sh300,000 pekee. Akiikatia Sh5 milioni, atalipa ada kubwa zaidi bure, kwani fidia haitapita Sh4 milioni.

Kuna njia za kujikinga. Kwanza, fichua kila badiliko unapojaza fomu. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu, na kampuni inaweza kukataa dai ikigundua ilifichwa jambo muhimu, kama vile injini kubadilishwa au gari la nyumbani kugeuzwa la abiria.

Pili, hakikisha rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) zinaafikiana na gari lilivyo. Mabadiliko ya bodi, rangi au injini yanapaswa kuarifiwa mamlaka hiyo.

Tatu, gari likadiriwe na mkadiriaji anayekubaliwa na kampuni husika baada ya kazi ya karakana kukamilika. Mpe picha na risiti, na umwombe aorodheshe mitambo ya muziki, skrini na viti kimoja kimoja. Hati nyingi huweka kikomo maalumu kwa redio na vioo. Kikiwa kidogo, omba kiongezwe.

Nne, uliza iwapo kampuni inakubali bima ya thamani iliyoafikiwa, ambapo pande zote mbili hukubaliana mapema kuhusu kiasi kitakacholipwa gari likipotea kabisa. Si kila kampuni huitoa. Ikikubali, maafikiano hayo yaandikwe ndani ya hati, kwani ahadi ya ajenti kwa simu ni vigumu kuithibitisha.

Tano, rudia ukadiriaji kila mwaka kabla ya kulipia bima upya. Gari huchakaa, na mapambo huchakaa haraka zaidi.

Mambo haya yote hufanywa gari likiwa zima. Likishateketea, mkadiriaji hubaki na majivu na maandishi, na majivu hayawezi kumweleza lilikuwa na viti vya aina gani.