KUMBE EASOFTI ILIZALIWA KWENYE NCHI AMBAYO RAIA HARUHUSIWI BASTOLA! Historia yake, na jinsi ya kuanza bila kupoteza jicho

Leo tunaweka pembeni umbea wa mastaa, tunaingia kwenye historia. Usikimbie bana, hii ni historia tamu, alafu mwishoni kuna kitu cha kukusaidia.

Si unazionaga zile video, jamaa wamevaa kombati kama makomandoo, wanajificha nyuma ya mapipa na magogo, bunduki zinalia trrrr, mmoja akipigwa anainua mkono juu anatoka mwenyewe huku anacheka? Ile sio sinema na sio jeshi. Unaitwa mchezo wa easofti. Bunduki ni za kuchezea, zinarusha vigololi vya plastiki vya milimita 6. Na kila mtu akiziona swali ni moja: "Naanzaje na mimi?"

Kabla sijakujibu, ngoja nikupe stori ya kwetu.

IDD MOJA, KIGOLOLI KIMOJA

Nilikuwa darasa la tano. Sikukuu ya Idd, kila mtoto mtaani ana hela mfukoni, na kila kona kuna mtu kapanga vibastola vya plastiki kwenye turubai. Unajua vile, unavuta nyuma kwa mkono, unaweka kigololi cha njano, unafyatua. Tukagawana timu, polisi na wezi, tukaanza kukimbizana kwenye vichochoro.

Binamu yangu, ambaye jina lake nalihifadhi maana ni mtu mzima sasa na ana heshima zake, alichungulia kwenye kona ya ukuta. Kigololi kikampata jichoni. Hakulia hata, alikaa chini tu kashika uso. Mpaka leo jicho lile linaona ukungu. Aliyefyatua naye ninamjua vizuri, maana ni mimi.

Ndo maana siku nilipoanza kusoma habari za easofti sikutafuta bei ya bunduki kwanza. Nilitaka kujua kile kidude kilitoka wapi, na ni nani alikaa akafikiria kwamba watu wapigane na hicho kitu kwa raha. Majibu yakanipeleka Japani.

NCHI ISIYO NA BUNDUKI, WATU WENYE HAMU YA BUNDUKI

Mwaka 1945 Japani imeshindwa vita, Wamarekani wameingia, silaha zinakusanywa. Mwaka 1958 ikatungwa sheria ya kudhibiti bunduki na panga, na mpaka leo ni moja ya sheria kali kuliko zote duniani. Raia wa kawaida kumiliki bastola kule, sahau.

Lakini kukataza kitu sio kukiondoa kichwani mwa watu. Miaka ya 60 vijana wa Tokyo walikuwa wanajazana kwenye majumba ya sinema kuangalia makauboi na majasusi. Wakitoka pale wanataka kushika kile walichokiona. Mafundi wakaiona biashara, wakaanza kutengeneza bunduki za mfano, za chuma, zinazofanana na halisi hadi skrubu. Hazirushi kitu chochote. Unazishika, unazifungua, unazifunga, unaweka kwenye kabati. Wale vijana na wale mafundi wengi wao hatuwajui kwa majina, lakini mchezo wote huu umesimama juu ya mabega yao.

Shida ikaja pale wahuni walipogundua kwamba bunduki ya mfano inatisha sawasawa na ya kweli. Mwaka 1971 sheria ikabanwa: bastola ya mfano ya chuma lazima izibwe mtutu na ipakwe rangi nyeupe au ya njano. Mwaka 1977 ikabanwa tena. Hebu jiweke kwenye nafasi ya fundi yule. Bidhaa yako uzuri wake wote ulikuwa ni kufanana na kitu halisi, sasa unaambiwa uipake njano kama muhindi.

Wakahamia kwenye plastiki. Na kwa kuwa plastiki haiwezi kugeuzwa kirahisi kuwa silaha ya moto, wakaanza kujaribu kitu kingine: tuweke springi ndani, isukume hewa, hewa isukume kigololi chepesi. Miaka ya 70 kuelekea 80 ndo hapo easofti ilizaliwa. Yaani serikali ilifunga mlango, watu wakapita dirishani, na huko dirishani wakakuta mchezo.

KUTOKA KABATINI MPAKA PORINI

Ukishakuwa na bunduki inayorusha, huwezi kuiacha kabatini. Miaka ya 80 vijana wa Kijapani wakaanza kwenda milimani na kwenye misitu kuchezeana, wakaupa mchezo jina la sabage, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mchezo wa kunusurika. Ukipigwa unapaza sauti "hitto!", unainua mkono, unatoka.

Wakati huohuo Marekani walikuwa na mchezo wao. Mwezi Juni 1981, huko New Hampshire, wanaume 12 waliingia msituni na bastola za kurusha rangi, zile ambazo watu wa misitu walizitumia kuwekea miti alama. Ndo mwanzo wa peintiboli. Tofauti yake na easofti ni moja, lakini ni kubwa: kwenye peintiboli ukipigwa unachafuka, kila mtu anaona. Kwenye easofti kigololi kinagonga kinaanguka, hakuna alama. Anayejua kwamba umepigwa ni wewe mwenyewe na Mungu wako. Mchezo mzima unasimama juu ya uaminifu. Hapo nitarudi.

Bunduki za mwanzo zilikuwa na usumbufu. Za springi unavuta kila risasi. Za gesi zilifyatua mfululizo, lakini wachezaji wengi walibeba mtungi na mpira unaotoka mgongoni mpaka kwenye bunduki, kama mtu anayepulizia dawa mikorosho.

Mapinduzi yalikuja 1991. Kampuni ya Tokyo Marui, iliyokuwa inatengeneza vitu vya kuchezea tangu miaka ya 60, ikatoa bunduki ya umeme kwa umbo la FAMAS, bunduki ya jeshi la Ufaransa. Ndani kuna betri na mota. Mota inazungusha gia, gia zinavuta pistoni nyuma na kukaza springi, zikiachia pistoni inaruka mbele, hewa inasukuma kigololi. Hakuna mtungi, hakuna mpira. Unashika kifyatulio, inaimba. Mpaka leo bunduki nyingi za easofti duniani zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Alafu kuna kaujanja kengine kadogo lakini kabaya sana. Juu ya mtutu, pale kigololi kinapoanzia safari, wakaweka kampira kadogo. Kigololi kikipita kinasuguliwa juu, kinatoka kikizunguka kinyumenyume. Mzunguko ule unakibeba hewani, kama mpira wa adhabu unavyopinda, ila huu unapinda kwenda juu. Kwa hiyo kinafika mbali bila kuongezewa nguvu.

SHERIA INARUDI TENA

Mchezo ukatoka Japani ukaenda Hong Kong, Taiwan, Ulaya, Marekani. Na kila ulikofika, shida ileile ya 1971 ikaufuata.

Japani kwenyewe wahuni walianza kuongeza nguvu za bunduki na kupiga magari barabarani. Mwaka 2006 sheria ikaweka kikomo: kwa kigololi cha milimita 6, nguvu isifike jouli 1, na viwanda vinaishia 0.98. Kwa kigololi cha gramu 0.20 hiyo ni kama mita 99 kwa sekunde. Hiyo ndo nguvu iliyoruhusiwa wadau! Sasa kama uso haujafunikwa, piga hesabu mwenyewe.

Uingereza nao walitunga sheria 2006, ikaanza kazi Oktoba 2007. Bunduki inayofanana na halisi huuziwi hivihivi. Lazima uwe na miaka 18 na uthibitishe kwamba ni mchezaji kweli. Njia inayotumika sana ni kucheza kwanza angalau mara tatu kwenye uwanja unaotambulika, katika muda usiopungua miezi miwili, ndo jina lako liingie kwenye orodha. Vinginevyo unauziwa yenye rangi ya kung'aa nusu nzima. Marekani wao tangu 1989 wanataka ncha ya rangi ya chungwa kwenye mdomo wa bunduki ya kuchezea.

Kwenye hiyo ncha ya chungwa naomba tukae kidogo.

Novemba 22, 2014, mjini Cleveland, mtoto wa kiume mweusi wa miaka 12 alikuwa anacheza kwenye bustani na bastola ya easofti. Ile ncha ya chungwa haikuwepo. Mtu akapiga simu polisi, akasema pengine ni ya bandia. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lilifika, na ndani ya sekunde kama mbili askari akafyatua. Mtoto alifariki kesho yake.

Sisemi kosa ni la mtoto, hapana kabisa. Kuna watu wazima kibao walitakiwa kufanya kazi yao siku ile. Ninachosema ni kwamba kile kitu unachokiona kizuri kwa sababu kinafanana na halisi, kufanana kwake ndiko kunakoua. Wajapani walishaliona hilo 1971.

SASA UNAANZAJE?

Ukiijua historia, masharti yote ya mchezo yanaeleweka yenyewe.

1. Nunua kinga ya macho kabla ya bunduki. Sio miwani ya jua ya mtaani. Tafuta miwani iliyopimwa kuhimili kitu kinachorushwa, yenye alama za viwango kama ANSI Z87.1 au EN 166, inayobana uso pande zote. Ongeza barakoa ya kufunika mdomo, meno huwa yanang'oka. Ukiwa uwanjani haivuliwi hata kama imeingia ukungu. Toka nje kwanza, ndo ufute.

2. Kodi, usinunue. Viwanja vingi duniani vinakodisha bunduki na kinga. Cheza mara mbili tatu uone kama unaupenda kweli au ulipenda video tu. Vaa nguo ya mikono mirefu na viatu vya kushika kifundo cha mguu.

3. Ukinunua, anza na ya umeme ya kawaida. Usipagawe na ya gharama kubwa. Vigololi vya gramu 0.20 au 0.25 vinakutosha, na usiokote vya chini uvitumie tena. Mchanga mmoja ndani ya mtutu na bunduki imekwisha. Betri za lithiamu usiziache zinachaji ukalala, zinawaka moto.

4. Kubali kupimwa. Uwanja wa maana una kipimo cha mwendo mlangoni. Bunduki yako ikizidi nguvu, hauingii.

5. Kwenye eneo la kupumzikia, magazini nje, hakikisha hakuna kigololi kilichobaki ndani, funika mdomo wa mtutu. Kwenye begi ndo inapokaa mpaka uwanjani. Sio kwenye bodaboda, sio kwenye selfie ya stendi, na ncha ya chungwa usiipake rangi nyeusi.

6. Ukipigwa, sema. Hakuna refa anayeweza kukuona muda wote. Asiyekubali kupigwa wenzake wanamjua ndani ya nusu saa, na hakuna atakayetaka kucheza naye.

Na kwa sisi huku nyumbani: usiagize kimya kimya mtandaoni ukasema nitajua mbele ya safari. Nenda kituo cha polisi ulize, na ukipata jibu la maandishi ndo bora zaidi. Kwenye kitaa chetu mtu akiona bunduki usiku haulizi kama ni ya plastiki. Wananchi wenye hasira hawasomi alama za kiwanda.

NAMALIZIA

Mwaka jana nilimuonyesha binamu yangu moja ya zile video. Akaiangalia mpaka mwisho, kaisogeza simu upande wa jicho lake zima kama anavyofanyaga. Nikajua atasema mchezo wa kijinga. Akaniambia, "Umeona? Wote wamevaa miwani." Basi, akanirudishia simu.

Miaka yote mimi nilidhani tulichokosa siku ile ni bahati. Kumbe tulikosa miwani ya elfu chache na mtu mzima mmoja wa kutuambia.

Haya wadau, shusheni maoni hapo chini: wewe ulichezea vibastola vya Idd? Na ukipata nafasi leo ungeingia uwanjani au unaogopa? Kama una mdogo wako anayevitaka sikukuu ijayo, mtumie hii kwanza.