Songea na Vitabu vya Maajabu: Kabla ya "Itaendelea" ya Kwenye Simu

Muulize kijana wa Songea anayependa kusoma akutajie fantasia tatu kali. Mara nyingi zote tatu zitatoka nje: ya yule mchawi mdogo mwenye miwani, ya mazimwi yanayotema moto watu wakigombea kiti cha enzi, na ile ya pete. Hakuna ubaya, stori hizo ni za moto kweli. Ila orodha ya namna hiyo inaruka karibu miaka mia ya vitabu vya maajabu kwa Kiswahili. Inawaruka pia watu waliofanya vitabu hivyo visomwe. Wengi wao hawakuwa maprofesa wala wachapishaji. Ni dada wa kidato cha nne, mwalimu wa zamu, jirani aliyerudi likizo na kitabu kwenye begi. Kazi yao ilikuwa sentensi moja tu: "Hiki umeshasoma?" Majina yao hayapo popote.

Maajabu yalitangulia vitabu

Songea haikusubiri maktaba ndiyo ianze kupenda maajabu. Wangoni walifika huku baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika, na safari hiyo imebebwa na masimulizi. Inasimuliwa kwamba siku kundi la Zwangendaba lilipovuka Mto Zambezi, jua lilipatwa mchana kweupe. Wanahistoria wakapiga hesabu za kupatwa kwa jua wakaipata tarehe yenyewe: 20 Novemba 1835. Ingekuwa sinema, mtu angesema mwandishi kazidisha chumvi.

Kisha yakaja maji. Mwaka 1905 habari za dawa ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe zilisambaa kusini kwa kunong'onezana, kijiji hadi kijiji, kwamba risasi za Mjerumani zingegeuka maji. Walionong'ona ni maelfu, na wengi wao hatuna majina yao. Wangoni waliingia vitani, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga mashujaa wao hapa hapa mjini. Kila Februari watu hukusanyika Makumbusho ya Maji Maji, Mahenge, kuwakumbuka mashujaa 67.

Hapa panahitaji adabu kidogo. Kwa waliopokea maji yale, hiyo haikuwa fantasia. Ilikuwa imani, na waliilipia kwa maisha. Ndiyo maana kitabu cha kwanza cha kumpa msomaji wa Songea ni Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, si picha kamili ya mtu yule wa historia. Ndani yake utaona neno la mtu mmoja likikua mpaka linamshinda aliyelisema. Ni kitabu chembamba, unakimaliza kwa jioni moja, lakini usingizi unaweza kuchelewa.

Vitabu vinaingia

Maajabu ya kuchapishwa kwa Kiswahili yalipata nguvu kwa tafsiri. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mwaka 1932 Safari za Gulliver, zote kwa mkono wa Frederick Johnson. Mwaka 1940 akaja Elisi katika Nchi ya Ajabu, yaani yule Alice wa shimo la sungura, akiongea Kiswahili. Ni nzuri kuzijua, ila zile za Haggard zina macho ya mkoloni waziwazi, kwa hiyo soma huku umefungua yako.

Aliyebadilisha mchezo ni Shaaban Robert. Kusadikika, ya mwaka 1951, inahusu nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, na kwa siku sita anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa huku na huku, wakarudi na mambo mema, wakaishia kuadhibiwa. Mwaka huo Tanganyika bado ilikuwa chini ya Mwingereza. Ukitaka kuisema serikali wakati huo, njia salama ilikuwa kuitundika nchi yako hewani na kuipa jina ambalo halipo kwenye ramani.

Mwaka uliofuata ikatoka Adili na Nduguze, na hii ndiyo ya kumpa mtu anayesema hapendi vitabu vya shule. Mjumbe wa mfalme anakuja kudai kodi iliyochelewa. Usiku anamchungulia mwenyeji wake, liwali mpole ambaye kila mtu anamsifu, na anamkuta akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi. Baada ya hapo kuna jini anaitwa Huria, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na kuna ndugu wenye wivu wa kutisha. Msingi wake uko karibu sana na hadithi za Alfu Lela Ulela, lakini sauti ni ya Shaaban mtupu. Ya tatu ni Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki.

Sasa fikiria vitabu hivi vikisafiri. Kutoka Dar hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900, na lami ya Makambako hadi Songea ilikuja kukamilika miaka ya 1980. Kabla ya hapo, kitabu kilichofika kilikuwa kimesota vumbini. Hakikukaa kwa mtu mmoja. Kilipita bwenini, kikahama mtaa, kikasomwa kwa zamu, na kila aliyekipokea aliahidi kurudisha kesho.

Kitabu kikizunguka hivyo, cha kwanza kufa ni jalada. Kurasa za mwanzo zinafuata. Baada ya mikono kumi na tano, hadithi inabaki nzima na jina la mwandishi halipo tena. Msomaji anakuja kusema, "Kuna kitabu fulani cha manyani wanaochapwa usiku, kikali sana," na ukimuuliza cha nani, anatazama juu ya paa. Kwa waandishi wakubwa hilo halikuleta hasara kubwa, maana shule ziliendelea kuwafundisha. Kwa wadogo ilikuwa ndiyo mwisho wao.

Miaka ya maajabu mazito

Miaka ya 1990 mambo yalizidi kuwa ya ajabu. Euphrase Kezilahabi, yule yule wa Rosa Mistika, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Vitabu vyenyewe ni vyembamba kweli, ila ndani yake muda umevunjika, miji ni magofu, na msimulizi anatafuta kitu ambacho hata wewe huna uhakika nacho. Usianze navyo. Ukianza na Nagona utasema Kiswahili kimekushinda, kumbe ni mlango tu umekosea.

Anza na Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya, ya mwaka 1995. Dzombo amehukumiwa kifo, anarushwa angani afie huko, badala yake anatua kwenye dunia nyingine ambayo watu wake wanaishi kwa haki. Lisome jina la dunia hiyo taratibu: wale ni sisi. Ukimaliza chukua Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, ambamo kigogo mmoja anajiwa na babu yake aliyekufa zamani. Halafu Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila, ya mwaka 2002, safari ya kuzunguka dunia kumsaka kiumbe anayeitwa P.P. Herufi hizo zinasimamia nini, utakutana nalo humo ndani. Mhusika huyo pengine ulishamjua utotoni, ila si kwa sura hii.

Jalada linachanika tena

Leo fantasia ya Kiswahili inayosomwa sana na vijana iko kwenye simu. Ni zile simulizi za majini, misukule, falme za chini ya bahari na wanafunzi wenye nguvu wasizozijua, sehemu ya 1 hadi sehemu ya 80, kila moja ikikatiwa pale pale roho inapodunda: itaendelea. Mtu anasoma Lizaboni akisubiri wali uive, mwingine anasoma Bombambili kwenye bodaboda iliyokosa abiria. Wakosoaji wengi hawazihesabu kama fasihi. Hata Adili na Nduguze ina jini na manyani.

Tatizo liko kwingine. Simulizi inaanza na jina la mwandishi na namba yake ya simu. Ikifika kundi la tatu la WhatsApp, namba imekatwa. Kundi la sita, na jina limekatwa. La kumi, kuna mtu kaweka la kwake. Mwandishi aliyekesha wiki nzima akitegemea wasomaji wamtumie buku moja moja ili wapate sehemu inayofuata, anakuta sehemu zote zimeshasambazwa bure. Sheria ya hakimiliki ipo tangu mwaka 1999, na COSOTA wapo. Lakini kijana anayeandikia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka hawezi kwenda mahakamani kila mtu anapobonyeza "sambaza". Anachofanya ni kuacha kuandika. Ndiyo maana simulizi nyingi tamu zinaishia sehemu ya 34, na wasomaji wanabaki kulalamika eti mwandishi mvivu.

Songea inajua jina lina uzito gani. Mji wenyewe umebeba jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa walionyongwa mwaka 1906. Zaidi ya miaka mia baadaye, wazao wake bado wanaulizia fuvu lake linalosemekana kupelekwa Ujerumani, na Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja hapa, akakutana nao na kuomba msamaha. Swali lingekufa zamani kama watu wangeacha kulitaja jina.

Kwa mwandishi wa simulizi dai ni dogo zaidi, na halihitaji rais wa nchi. Wale wasio na majina waliopitisha vitabu kutoka mkono hadi mkono walifanya kazi kubwa, ila jalada lilipochanika hawakuwa na namna ya kulirudisha. Wewe unayo. Kabla hujabonyeza "sambaza", angalia kama jina la mwandishi lipo. Kama limekatwa, muulize aliyekutumia, naye amuulize wake. Kisha mtumie mwenzako, na ukimwuliza, "Hii umeshasoma?" malizia na sentensi ya pili: imeandikwa na fulani.