Ruta ya Ploti Yenu Iko na Tundu? Geuza Usome Stika

Kama unakaa ploti za Kisii, Nyamira ama Keroka (ule mji nusu iko Kisii, nusu Nyamira), story unaijua. Ruta moja imefungwa kwa koridoo, keateka anakusanya doo ya WiFi kila mwezi, na paswadi inajulikana na kila mtu hadi watoto wa jirani. Ikishafungwa, hakuna mtu huigusa tena, labda kuizima na kuiwasha.

Sasa ruta ni kompyuta ndogo, na programu inayoiendesha huitwa fimwea. Juni 2025, CISA, shirika la usalama wa mitandao la Marekani, liliweka TP-Link tatu za kitambo kwa orodha ya matundu ambayo wahalifu tayari wanayatumia: TL-WR740N (V1, V2), TL-WR841N (V8, V10) na TL-WR940N (V2, V4). Tundu lenyewe ni CVE-2023-33538. Pale pa kujaza jina la WiFi, mtu anaficha amri, na ruta inatii tu. Noma.

Ili afike hapo lazima aingie ukurasa wa mipangilio. Na hizi ruta zilitoka dukani zikiwa admin/admin. Kwa ploti, msee ashakuwa ndani ya WiFi tayari, so kama hamkubadilisha hiyo, amebakisha kuandika maneno mawili.

Akishaingia anaweza kubadilisha DNS, yaani ile inayoambia simu tovuti iko wapi. Unaandika jina la benki, unapelekwa kwa feki. Simu ikikuonya cheti si salama, usilazimishe. Ama ruta inasajiliwa kwa jeshi kama Mirai, ambalo 21 Oktoba 2016 liliangusha kampuni ya Dyn, Twitter na Netflix zikasumbua watu kwa masaa. Mirai hukaa kwa memori tu, so ukizima ruta inatoka. Lakini mlango ukibaki wazi, inarudi.

Geuza ruta, soma modeli na namba baada ya "Ver". Badilisha paswadi ya admin (si ya WiFi, hiyo ni ingine), uzime Remote Management, uangalie kama kuna fimwea mpya kwa tovuti ya TP-Link. Kama ni mojawapo ya hizo tatu, CISA ilishauri watu waache kuzitumia, so ongeeni na landilodi mchangie ingine. Na hiyo ya zamani msimuuzie comrade.