Joy Adamson: Mchoraji wa Naivasha aliyefunikwa na umaarufu wa simba

WATU wengi walisikiapo jina la Joy Adamson humkumbuka simba jike Elsa. Wachache wanajua kwamba kabla ya simba huyo kuzaliwa, mwanamke huyo alikuwa amekwisha kuizunguka Kenya akiwa na brashi na rangi, na kwamba kazi hiyo ndiyo inayowagusa Wakenya kwa karibu zaidi.

Alizaliwa Januari 20, 1910, mjini Troppau, katika milki ya Austria na Hungaria. Mji huo leo unaitwa Opava na umo Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na mtaalamu wa mimea, Peter Bally, aliyempa jina la Joy.

Bally ndiye aliyemhimiza kuchora mimea. Maua ya mwituni aliyoyachora kwa rangi za maji yalimpatia nishani ya dhahabu ya Grenfell nchini Uingereza mwaka 1947. Wakati huo alikuwa mke wa George Adamson, afisa wa wanyamapori katika utawala wa Kiingereza, waliyeoana mwaka 1944.

Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya pamoja na mavazi na mapambo yao. Alisafiri kwa miaka kadhaa na kuchora zaidi ya picha 500. Nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Mwaka 1967 zilitokea kitabuni kwa jina la The Peoples of Kenya.

Thamani ya picha hizo haina shaka. Enzi ambayo picha nyingi za kamera zilikuwa nyeusi na nyeupe, brashi yake ilihifadhi rangi za shanga, ngozi na udongo mwekundu, ambazo wajukuu wa waliochorwa wasingeziona kwingine. Hata hivyo, zina upungufu. Aghalabu aliwachora watu wakiwa wamevalia sherehe, si kazi za kila siku, na aliyeagiza kazi yenyewe alikuwa mtawala wao. Atazamaye hana budi kukumbuka yote mawili.

Mwaka 1956 George alileta nyumbani watoto watatu wa simba aliyekuwa amempiga risasi mama yao. Mmoja wao alikuwa Elsa. Kitabu Born Free kilichochapishwa mwaka 1960, na filamu yake ya mwaka 1966, vilieneza habari zake duniani kote, na uchoraji ukasahaulika.

Katika miaka ya 1960 Joy alipata makazi kando ya Ziwa Naivasha, akayaita Elsamere. Nyumba hiyo, iliyo katika Kaunti ya Nakuru, iligeuzwa makumbusho na kituo cha uhifadhi.

Joy aliuawa Januari 3, 1980, katika hifadhi ya Shaba, Isiolo. Awali ilidhaniwa kwamba aliraruliwa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha kuwa alichomwa kwa silaha. Aliyekuwa mfanyakazi wake alipatikana na hatia ya mauaji hayo mwaka 1981. Majivu yake yalizikwa Meru, kwenye kaburi la Elsa na la duma wake, Pippa.