Nowa Huta: Parokia Iliyotangulia Jengo Lake

Mitaa mipya ya makazi inapoongezeka mijini mwetu, swali moja hurudi tena na tena katika Halmashauri za Walei: utume utaanzaje penye maghorofa na maelfu ya watu, lakini pasipo na kanisa wala kiwanja cha kanisa? Historia ya Nowa Huta, nchini Poland, yatupatia jibu.

Mji uliopangwa bila kanisa

Nowa Huta ilianza kujengwa mwaka 1949, kando ya Kraków, iwe makazi ya wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha chuma. Serikali ya kikomunisti iliikusudia iwe kielelezo cha mji wa kijamaa. Nyumba ya ibada haikuwa na nafasi katika ramani yake. Lakini wengi waliohamia humo walitoka vijijini, nao walihama pamoja na imani yao.

Msalaba wa mwaka 1960

Baada ya mabadiliko ya kisiasa ya mwaka 1956, kibali cha ujenzi kilitolewa, na mwaka 1957 waamini wakasimika msalaba kiwanjani. Baadaye kibali kikafutwa, na kiwanja kikapangiwa shule. Tarehe 27 Aprili 1960, wafanyakazi walipokuja kuung'oa msalaba, wanawake wa mtaa ndio waliotangulia kuwazuia. Yakafuata mapambano makali na polisi. Watu wengi walijeruhiwa na kutiwa mbaroni. Msalaba ulibaki.

Misa uwanjani

Kuanzia Noeli ya mwaka 1959, Karol Wojtyła, wakati huo Askofu Msaidizi wa Kraków, aliadhimisha Misa ya usiku wa manane uwanjani, katika baridi kali ya Desemba. Kibali kipya kilipatikana mwaka 1967, katika eneo la Bieńczyce. Mtakatifu Papa Paulo VI alitoa jiwe la msingi kutoka Basilika ya Mtakatifu Petro, nao waamini wakajitolea kazi ya mikono yao kwa miaka kumi. Tarehe 15 Mei 1977, Kardinali Wojtyła alilitabaruku kanisa hilo. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Juni 1979, alirudi akiwa Papa Yohane Paulo II. Akihubiri katika abasia jirani ya Mogiła, alizungumzia uinjilishaji mpya.

Fundisho kwetu

Kwa miaka ishirini na minane mtaa ule ulingoja kanisa lake, lakini Kanisa lilikuwapo tayari: majirani waliofahamiana, waliosali pamoja na kulindana. Hilo ndilo Maaskofu wa AMECEA walilolitambua walipozipa kipaumbele Jumuiya Ndogondogo za Kikristo katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976.

Sisi hatuzuiwi na polisi. Kinachotuzuia ni mageti, saa za kazi na mazoea ya kuishi mlango kwa mlango bila kujuana. Mgonjwa aweza kulala miezi mitatu ghorofa ya tatu, huku jumuiya ikisali rozari ghorofa ya kwanza bila habari zake. Hatimaye akafariki bila Mpako Mtakatifu. Msiba wa namna hii hauondolewi na jengo jipya.

Basi kila jumuiya ianze na hatua hii: iwateue wawili wawili wapite kila ngazi ya jengo, waulize nani mgonjwa, nani mgeni, mtoto yupi hajabatizwa, kisha walete taarifa kwa katekista. Michango ya ujenzi ije baada ya hapo.