Sumu ya Shamba na Mtoto Aliye Tumboni

Ndugu mkulima wa Magomeni, Mtwara, zamani iliaminika kwamba tumbo la mama humkinga mtoto na kila sumu. Sivyo. Mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa wa Minamata, Japani: zebaki ya kiwanda iliingia katika samaki, na akina mama walioonekana wazima wakazaa watoto wenye ubongo ulioharibika. DDT nayo, iliyosifiwa sana miaka ya 1940, ikaonekana hupenya kondo la nyuma; Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukaizuia mashambani.

Basi, unapopulizia mikorosho dawa, mama mjamzito asikae karibu, wala asifue nguo za kazi hiyo. Kopo la dawa nalo lisigeuzwe la maji, ndugu, litobolewe.