Deni la Aliyeondoka: Hesabu ya Siku na Mzigo wa Ada katika Misaada ya Wanafunzi

Misaada mingi ambayo serikali kuu ya Marekani huwapa wanafunzi wa vyuo inatokana na Sura ya Nne ya Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965. Humo mna ruzuku ya Pell, iliyopewa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island, na mikopo ambayo siku hizi hutolewa moja kwa moja na Wizara ya Elimu. Mengi yameandikwa kuhusu namna mwanafunzi anavyoingia katika mfumo huo: fomu, vigezo vya kipato, viwango. Namna anavyotoka haijaangaliwa sana, ingawa huko ndiko mfumo unakoonyesha unamlinda nani.

Kanuni inayotumika leo iliwekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 1998. Kiini chake ni kwamba mwanafunzi huupata msaada siku kwa siku, kama kibarua anavyopata ujira. Akiacha masomo baada ya asilimia 30 ya siku za muhula, asilimia 30 ya msaada ni haki yake, na iliyobaki inatakiwa kurudi serikalini. Akishavuka asilimia 60, msaada wote ni wake. Kabla ya hapo vyuo vilitumia fomula kadhaa zilizochanganya mambo mawili: chuo kirudishe ada kiasi gani, na serikali irudishiwe msaada kiasi gani. Mwaka 1998 mambo hayo yalitenganishwa. Serikali ilijiwekea hesabu yake, na suala la ada likaachiwa kila chuo kiamue, kwa kufuata sheria za jimbo lake na masharti ya wanaokikagua.

Naona utenganisho huo ndio kasoro kubwa ya kanuni nzima. Ulikusudiwa kuilinda Hazina, na Hazina inalindwa kweli. Lakini kwa kutokuigusa ada, sheria imekifanya chuo kuwa mdai wa mtu ambaye serikali yenyewe imekwisha kumsamehe.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu za kawaida. Binti wa familia ya wakimbizi kutoka Kivu, waliopewa makazi Louisville, Kentucky, anasoma chuo cha umma. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hastahili misaada hii, lakini mkimbizi anastahili sawa na raia, kwa hiyo familia nyingi za Waswahili waliohamia huko zinaijua vizuri fomu ya maombi. Muhula una siku 110, zikihesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili, baada ya kuondoa likizo ya katikati, kwa kuwa mapumziko ya siku tano mfululizo au zaidi hayaingii katika hesabu. Ada na tozo za muhula ni dola 4,000. Binti ana ruzuku ya Pell ya dola 3,600 na mkopo wa dola 1,750, jumla dola 5,350. Chuo kinakata chake kwanza, kisha kinampa dola 1,350 zilizobaki. Hizo zinakwenda kwenye vitabu, mafuta ya gari na mchango wake wa kodi ya nyumba.

Siku ya 33 anajiondoa. Mama yake ameugua, na zamu za usiku ghalani haziendani tena na vipindi vya asubuhi.

Ofisi ya misaada inafungua fomu ya Wizara, yenye visanduku vilivyopewa herufi, na kuanza kujaza. Siku 33 kati ya 110 ni asilimia 30. Msaada aliostahili kuupata ni dola 1,605, na ambao hakuupata ni dola 3,745. Chuo kinatakiwa kurudisha asilimia 70 ya ada iliyotozwa, yaani dola 2,800, kwa sababu kiasi hicho ni kidogo kuliko 3,745. Kirudishe ndani ya siku 45 tangu kilipobaini kwamba mwanafunzi ameondoka, na kianze na mikopo kabla ya ruzuku. Hivyo dola 1,750 zinafuta mkopo wote, na dola 1,050 zinarudi kwenye Pell. Zinabaki dola 945 ambazo kwa hesabu ni jukumu la mwanafunzi mwenyewe, na zote ni za ruzuku. Hapa sheria ina huruma: mwanafunzi hadaiwi ruzuku ila kwa kiasi kinachozidi nusu ya ruzuku yote aliyopokea. Nusu hiyo ni dola 1,800. Kwa kuwa 945 haifiki huko, halipi kitu. Mbele ya serikali, binti huyu hana deni hata senti moja.

Wiki chache baadaye inafika ankara ya chuo: dola 2,800.

Chuo hakijakosea hesabu wala hakijavunja sheria. Kilipokea ada ya dola 4,000 kutoka katika msaada, kimelazimika kurudisha 2,800, na kwa utaratibu wake muda wa kurudishiwa ada ulikwisha katika wiki ya nne. Ada ingali ada, nacho kinaidai. Binti akilipa, chuo kitakuwa kimepata dola 1,200 kutoka serikalini na 2,800 kutoka kwake, yaani ada kamili ya muhula kwa siku 33 za kufundisha.

Tuangalie pia lilivyogeuka deni lenyewe. Kabla ya kujiondoa alidaiwa mkopo wa dola 1,750. Mkopo huo ungempa miezi sita ya nafuu kabla ya kuanza kulipa, ungeweza kulipwa kwa miaka mingi kulingana na kipato, na ungefutwa iwapo angepata ulemavu wa kudumu. Sasa anadaiwa dola 2,800 ambazo hazina nafuu wala mpango wa kipato. Zinatakiwa mara moja, zinamfungia usajili, na zikichelewa hupelekwa kwa wakala wa kukusanya madeni, ambaye huongeza gharama zake juu. Dola 1,050 kati ya hizo zilikuwa ruzuku, fedha ambazo hakupaswa kuzirudisha kamwe. Deni laini limegeuzwa kuwa gumu, na zawadi imegeuzwa kuwa deni. Yote hayo yametendeka wiki ambayo alikuwa na uwezo mdogo kuliko wakati mwingine wowote.

Mpaka wa asilimia 60 nao una vituko vyake. Katika muhula huu, siku ya 66 ni asilimia 60 kamili. Anayeondoka siku hiyo amepata asilimia 60 tu ya msaada, na chuo chetu cha mfano kitamletea ankara ya dola 1,600. Anayeondoka siku ya 67 amepata wote, chuo hakimdai chochote. Mshauri mwema wa wanafunzi, akifuatwa na kijana siku ya 64, atamwambia avumilie hadi wiki ijayo hata kama akili yake haiko tena darasani. Sheria inayomfanya mshauri mwaminifu atoe ushauri wa namna hiyo haipimi elimu.

Kuna tena wale wasioaga. Mwanafunzi akimaliza muhula na F katika masomo yote, chuo hakiwezi kuziacha hivyo. Kinapaswa kuchunguza kama alishindwa mitihani au alitoweka. Mahali ambapo mahudhurio hayaandikwi rasmi, chuo kinaruhusiwa kuchukua katikati ya muhula kama siku ya kuondoka, au siku ya mwisho inayothibitika kwamba alifanya kazi ya kitaaluma: jaribio aliloandika, insha aliyokabidhi. Kwa hiyo profesa asiyefungua daftari la mahudhurio na yule anayelifungua kila kipindi wanaweza kuwapa wanafunzi wawili wenye mkasa uleule madeni tofauti.

Watetezi wa kanuni hii wana hoja, na si za kupuuzwa. Ya kwanza ni udanganyifu. Vyuo vya jamii vya Marekani vina ada ndogo, hivyo ruzuku huacha salio kubwa mkononi mwa mwanafunzi. Wako watu wanaojisajili, wanachukua salio, wanatoweka, na muhula unaofuata wanaibukia chuo kingine. Bila hesabu ya siku, mlango huo ungebaki wazi. Nakubali. Lakini tapeli huyo analenga salio, na katika mfano wetu salio la dola 1,350 halikurudi kwa mtu yeyote: kinga ya nusu ya ruzuku imelifunika. Kilichorudi ni ada, fedha ambazo mwanafunzi hakuzishika kamwe. Kanuni iliyokusudiwa kumbana mwenye kukimbia na salio inamwacha salama, na kumwadhibu aliyeacha ada chuoni.

Ya pili inatoka vyuoni. Mhadhiri ameajiriwa kwa muhula mzima, chumba kimewashiwa taa, na kiti kilichoachwa wiki ya tano hakiuziki kwa mwingine. Ni kweli. Hata hivyo chuo chenye maelfu ya wanafunzi kinajua, kwa uzoefu wa miaka, ni wangapi hawatafika mwisho wa muhula, na kinaweza kuiweka hasara hiyo kwenye bajeti mapema. Mwanafunzi hana maelfu ya mihula ya kugawanyia hasara. Anao huu mmoja. Busara ya kawaida ya bima inataka hatari ibebwe na yule mwenye uwezo wa kuitawanya.

Ya tatu ndiyo nzito. Vyuo vikibebeshwa hasara vitaanza kuwakwepa wanaoelekea kuacha masomo, nao ni maskini, watu wazima wenye watoto, na wale wa kwanza katika ukoo kusoma chuo. Vyuo vya jamii, vinavyopokea kila anayekuja, haviwezi kuchagua kwa urahisi, lakini vingine vinaweza. Sina jibu linaloiondoa hofu hii yote. Nadhani inapungua iwapo chuo kitabeba sehemu tu ya ada isiyofundishwa, na iwapo sehemu hiyo itakuwa ndogo zaidi kwa chuo chenye wanafunzi wengi wa ruzuku ya Pell. Kinachobaki cha hofu ni gharama ya haki, na inaweza kuvumilika kuliko ilivyo sasa, ambapo chuo hakibebi chochote.

Kwamba sheria inaweza kupinda, tumekwisha kuona. Machi 2020, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya dharura ya korona, lilivisamehe vyuo wajibu wa kurudisha misaada ya wanafunzi walioondoka kwa sababu ya janga, na mikopo yao ya muhula ule ikafutwa. Hazina haikuanguka. Lakini msamaha ulitolewa kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa wote. Mama wa yule binti akiugua peke yake, fomula inabaki ileile.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba mambo haya yanawahusu wa mbali tu. Tanzania ilianzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa Sheria Na. 9 ya 2004, na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Fedha zake hufuata njia mbili. Ada huenda moja kwa moja chuoni. Fedha za chakula na malazi, ambazo kila mwanafunzi huziita boom, hutolewa kwa awamu, na mwanafunzi husaini ili azipate. Aliyekwisha kuondoka hasaini, na isiyosainiwa inapaswa kurudi Bodi. Kwa upande wa boom, basi, hesabu ya haki inajitengeneza yenyewe: deni linasimama pale mwanafunzi aliposimama. Kwa upande wa ada haijitengenezi. Ada ikishaingia chuoni inaandikwa kwenye deni la mwanafunzi, awe amekaa mwezi mmoja au minne, awe amedisko au ameondoka kwa ugonjwa, na akija kupata ajira rasmi itakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi iishe. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, nafuu kubwa kwa wadaiwa wote. Swali la ada ya masomo yasiyofundishwa halikuguswa.

Tofauti ni kwamba kwetu deni linabaki kwa Bodi, halihamii chuoni, na hilo ni jambo jema. Aliyeacha ana mdai mmoja. Marekani ana wawili wasiosemezana, na yule wa pili ndiye anayeshika nyaraka zake. Kwa muda mrefu vyuo vya huko vimezuia nakala za matokeo za wadaiwa, hivyo mtu hawezi hata kuhamisha mihula aliyoimaliza vizuri. California ilipiga marufuku zuio hilo kuanzia 2020, New York ikafuata 2022, na tangu Julai 2024 kanuni za Wizara zinavitaka vyuo vitoe nakala kwa mihula iliyopata msaada wa serikali na kulipiwa ada yote. Binti wa Louisville atapata alama za mwaka wake wa kwanza. Dola 2,800 bado zinamsubiri.

Katika Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, mwaka 2018 ulianzishwa mpango wa kuwarudisha darasani wanafunzi wa zamani wenye deni la hadi dola 1,500 na kulifuta kidogo kidogo kadiri wanavyomaliza mihula. Hesabu yake ni rahisi: ada mpya ya mtu aliyerudi ni nyingi kuliko deni bovu ambalo wakala asingelikusanya. Lakini mpango huo unategemea hiari ya chuo, na kikomo hicho hakifiki hata ankara ndogo kati ya zile mbili tulizozikokotoa hapa. Marekebisho yanayohitajika ni mafupi kuliko kanuni yenyewe: chuo kinachopokea fedha za umma kisimdai mwanafunzi ada ya siku zilezile ambazo serikali imezitangaza kuwa hakusoma. Tanzania ingeweza kuandika sentensi hiyohiyo katika mwongozo wa mikopo wa mwaka ujao, na kukitaka chuo kirudishe Bodi sehemu ya ada kwa kila anayeondoka kabla ya nusu ya muhula, deni la mwanafunzi likipunguzwa kwa kiasi hichohicho.